Mashujaa wa Manga: Mogire Ateka Anga

Ochoki yuko pale pale tulipomwacha wiki iliyopita: amenata ubavuni mwa lori la Mogire kama kupe kwenye kiwele cha ng'ombe, miguu juu, kichwa chini, na lile joho lake jekundu limemfunika uso.

Umati uliokuja makambi, ile ibada kubwa ya mahemani, huko Sironga mchana ule wa Sabato uliguna kwa pamoja. Kwaya ilikatiza wimbo. Mhubiri, Mzee Mathew, alishusha kipaza sauti.

Gesare hakuguna. Alimtazama kiongozi wake akitapatapa hewani, akahisi kitu ambacho hakikuwa huruma.

"Chuma," alijisemea. "Siku zote anajiita Chuma, na hata siku moja hakuwahi kuifikiria sumaku!"

Kama gazeti la wiki iliyopita lilikwisha kabla hujalipata, chukua haya kwa ufupi. Radi moja iliwapiga watu watatu waliokuwa wamejikinga mvua chini ya mwamba mmoja huko Manga, watu wasiojuana. Ochoki, dalali wa ng'ombe, aliamka na mwili unaogeuka chuma akitaka. Pam, binti wa Homa Bay aliyekuwa akifanya kazi ya kuchapa barua za watu mjini Nyamira, aliamka akisikia mnong'ono ulio ng'ambo ya kilima. Naye Gesare wa Nyamache, mchuma majani chai, aliamka na mikono inayong'oa mti kama wewe unavyong'oa kitunguu.

Wakajiita Mashujaa wa Manga. Au tuseme Ochoki aliwaita hivyo, akajiteua kiongozi, kisha akaenda kwa fundi cherehani kushonewa joho. Wenzake hakuwashonea kitu.

Na huyu Mogire? Fundi wa redio. Kila tajiri aliyemwajiri alimfukuza, kwa sababu hakuna mtambo aliopewa autengeneze akaurudisha kama ulivyokuwa. Leo alikuwa amesimama juu ya lori lake, koti la mvua limefungwa mpaka kidevuni ilhali jua linawaka, na rimoti mkononi. Juu yake droni tatu zilikuwa zikipanda, zikipanda, kuelekea mawingu ambayo asubuhi hayakuwepo.

"Kaeni chini!" alipaza sauti. "Mmekuja kuomba, si ndio? Ombeni. Lakini msipoteze nguvu kuangalia mbinguni. Kuanzia leo mwenye mvua ni mimi. Anayetaka mvua ya shamba aniombe mimi. Anayekataa nitampa ya mawe. Na chai yenu mnaijua: mvua ya mawe ikipita mara moja tu, shamba zima linabaki vijiti."

"Kijana, shuka hapo," Mzee Mathew alimwambia kwa upole. "Mvua ina mwenyewe."

"Mwenyewe ndiye unaongea naye, mzee."

Gesare alitema mate. Alikuwa ameona wajinga wengi maishani mwake, lakini wajinga wengi angalau hawakodi lori kuja kuutangaza ujinga wao.

Alipopiga hatua kwenda kumshusha Mogire kwa koti lake, mkono ulimshika begani. Ni Pam.

"Ngoja. Kuna mtu alimwambia."

"Alimwambia nini?"

"Hiyo sumaku si ya kutengenezwa kwa siku moja. Alijua Ochoki anageuka chuma chenyewe, si ngozi ngumu tu, na kwamba sumaku ikishamnasa hawezi kujirudisha ngozi. Hiyo siri ilikuwa yetu sisi watatu."

"Sasa mbona unaniangalia mimi?"

"Kwa sababu wewe ndiye humpendi."

"Kwani kutompenda Ochoki ni kosa?" Gesare alicheka kwa pua. "Kama ni kosa, nusu ya Nyamira ingekuwa ndani."

Pam hakucheka. Alinyoosha kidole.

"Angalia lori vizuri. Hapo ubavuni kuna sumaku, ni ya Ochoki. Hapo juu kuna spika, imeelekezwa upande wangu tangu nifike, nikisogea inasogea. Yako iko wapi, Gesare? Mbona wewe peke yako hakukuandalia kitu?"

Gesare alilikagua lori kwa macho, mbele mpaka nyuma. Ya kwake hakuiona. Jambo hilo lilimuuma zaidi kuliko tuhuma yenyewe.

"Unasikia kila kitu, Pam," alisema mwishowe, "na huelewi hata kimoja."

"Nimesikia moyo wako ukienda mbio nilipokuuliza. Hilo nimelielewa."

"Endeleeni!" Mogire aliwapigia kelele kutoka juu, akicheka. "Mnanisaidia kazi!"

Kisha akabonyeza kitufe.

Spika ile kubwa ilitikisika, lakini watu hawakusikia lolote. Mbwa ndio waliosikia. Mbwa wote wa Sironga walibweka kwa mkupuo mmoja, na Pam akapiga magoti, viganja masikioni, mdomo wazi bila sauti. Damu nyembamba ilichungulia kati ya vidole vyake.

Hapo Gesare alikimbia. Hakumkimbilia Pam, maana hakujua angemsaidiaje. Alikimbilia lori.

Alikuwa amelifikia, mkono tayari umeinuliwa kulitoboa tairi, aliposikia sauti ikitoka chini ya lile joho jekundu.

"Mogire! Wewe Mogire! Hatukupatana hivi!"

Mkono wa Gesare ulibaki hewani.

Taratibu alilishika joho, akalifunua kama mtu anayefunua chungu chenye harufu mbaya. Uso wa Ochoki ulikuwa umevimba kwa damu iliyoshuka kichwani.

"Umesema hamkupatana vipi?"

"Nishushe kwanza."

"Mlipatana nini, Ochoki?"

"Gesare, dada yangu, kichwa kinapasuka. Nishushe, nitakueleza."

"Mwambie!" Mogire alisema, akiinama ukingoni mwa lori. "Ama nimwambie mimi?"

Ochoki alifumba macho.

"Ilikuwa ni mchezo tu. Alete mawingu, watu waogope kidogo. Mimi nije, nimpige ngumi moja, aanguke, atoroke. Basi. Hakuna mtu angeumia."

"Kwa sababu gani?"

"Watu wanasahau, Gesare! Ukikaa muda mrefu bila kuokoa mtu, wanakusahau. Wewe huwezi kujua. Wewe hujali. Hujui ni uchungu gani kupita sokoni na hakuna hata mtu mmoja anayekuomba picha."

Gesare alimwangalia mtu huyu waliyemfuata kwenye maporomoko ya udongo, kwenye moto wa bweni, kwenye mto uliofurika; mtu aliyekuwa akisimama mbele kila kamera ilipofika, nao wakisimama nyuma wakikamua nguo zao maji. Wakati ule alikuwa akimdharau kidogo. Sasa aligundua kwamba alikuwa amemheshimu kupita kiasi.

"Ukamwambia habari za chuma."

"Aliuliza."

"Na masikio ya Pam? Hayo nayo aliuliza?"

Ochoki aligeuzia uso kwenye bodi ya lori.

"Na mimi? Kwangu ulisahau?"

"Kwako sikuwa na cha kumwambia," Ochoki alinung'unika. "Hujawahi kutuambia udhaifu wako. Wewe ni mtu wa siri sana, Gesare. Si tabia nzuri."

Fikiria! Mtu amening'inia kichwa chini ubavuni mwa lori la adui aliyemleta mwenyewe, na bado ana nafasi ya kumkosoa mwenzake tabia.

"Nilimwahidi ngumi moja, ni kweli," Mogire alisema. "Lakini niambie, dada. Ungekuwa wewe, umelishika anga lote hivi mkononi, ungekubali kuangushwa na dalali wa ng'ombe?"

Hapo, kwa kweli, Gesare alimwelewa.

Aligeuka kumtafuta Pam. Binti alikuwa bado amepiga magoti kwenye nyasi, macho yake yamewakodolea wao wawili, machozi yakimtiririka. Gesare akajua Pam amesikia. Mtu anayesikia mnong'ono ng'ambo ya kilima, angekosaje maneno yaliyosemwa kwa sauti hapo karibu? Afadhali. Shahidi yupo. Ugomvi wao ungesubiri.

Haukuwa na namna ila kusubiri, kwa sababu jiwe la kwanza lilianguka wakati huo huo.

Lilipiga kinanda cha kwaya, likarukia mapajani mwa mpigaji. Lilikuwa sawa na yai la kuku. Mpigaji alilitazama kana kwamba limetagwa pale.

Kisha mbingu zikamwaga.

Kelele zilizofuata wasomaji wa milimani wanazijua. Si kama mvua, ni kama mtu anayemimina kokoto juu ya bati. Turubai za makambi zilianza kutoboka. Watu walijifunika viti vya plastiki, na viti vikavunjika. Akina mama waliwalalia watoto wao. Ng'ambo ya ua, migomba ilipasuliwa majani ikabaki nyuzi, na chai ya jirani ikapigwa mpaka ikanuka kama imechemshwa.

"Ombeni sasa!" Mogire alikuwa akipiga kelele ndani ya koti lake, amejiinamia chini ya bati alilojichomelea juu ya kichwa cha lori. "Niombeni mimi!"

Hema kubwa liliinama. Nguzo ya kati ilikuwa imeanza kupinda, na chini yake, kwenye safu ya mbele walipokaa wazee na wagonjwa, alikuwemo mama yake Gesare, Nyanchoka, mwenye mguu usiokunjika. Hakuwa hata akijaribu kukimbia. Alikuwa amevuta watoto wa watu wengine, amewaingiza chini ya leso yake ya kujitanda, kama kuku.

"Gesare!" alipaza sauti alipomwona bintiye. "Omwana one, mwanangu! Usinibebe mimi! Tafuta kitu cha kufunika hawa watoto!"

Kitu cha kufunika. Gesare aliangaza huku na huku. Bati lililokuwepo lilikuwa la choo, nalo lilishatoboka. Kanisa lilikuwa ng'ambo ya barabara, na watu wale wasingefika wote wakiwa hai.

Macho yake yakatua kwenye lori.

"Hapana," alisema Ochoki, aliyeyaona macho hayo. "Gesare, hapana. Fikiria vizuri. Mimi niko hapa!"

"Nimekuona."

Aliingiza mikono chini ya fremu ya lori, akakaza miguu kwenye matope, akainua.

Chuma kililia. Mogire alilia zaidi. Lori lilitoka ardhini, magurudumu yakining'inia, oili ikimdondokea Gesare usoni, naye akalibeba hatua kwa hatua katikati ya mvua ya mawe, shingo imemtoka mishipa, mpaka kwenye hema lililokuwa likianguka. Nguzo ilipokatika, turubai haikuwaangukia wazee. Ililalia lori. Lori zima lilikuwa limesimama juu ya vichwa vyao, na chini ya lori mwanamke mmoja.

"Ingieni!" alifoka. "Nyote! Ingieni huku chini!"

Waliingia, wakitambaa, wakiburutana. Na ubavuni, nje, mawe yakampiga Ochoki bila kukoma, ngoo, ngoo, ngoo, kama kengele ya shule. Huenda hiyo ndiyo siku pekee aliyowakinga watu bila kutazama kwanza kamera iko wapi.

"Lori linayumba," Nyanchoka alimwambia bintiye kutoka chini.

"Naona, mama."

"Utaweza?"

"Sijui."

"Basi usijibu mambo mengi. Pumua."

Gesare alipumua. Alijua hawezi kushikilia mpaka mawingu yaishe, na mawingu hayangeisha maadamu rimoti ilikuwa mkononi mwa yule mjinga. Basi alifanya alichoona mama yake akifanya kila msimu wa mavuno. Alilishika lori pande mbili, akaanza kulipepeta, kama punje za wimbi kwenye ungo.

Mara ya kwanza, droo za Mogire zilifunguka, skrubu na nyaya zikamwagika. Mara ya pili, Mogire mwenyewe aliteleza kutoka juu, akashika kioo cha pembeni. Mara ya tatu kioo kilikatika. Mtawala wa anga alianguka kwa matako kwenye matope, na rimoti ikaanguka mbele ya mguu wa Gesare.

Gesare aliikanyaga. Hakuitazama hata.

Spika ilinyamaza. Huko juu droni zilikohoa, zikaporomoka moja moja kwenye mashamba ya chai. Mawe yakawa matone, matone yakawa ukungu. Nayo sumaku ikafa, Ochoki akaachia, akatua kwa utosi.

Kisha mtoto mmoja alianza kulia, na watu wakakumbuka kwamba wako hai.

Gesare alilipeleka lori mpaka nje ya uwanja, mbali na watu, akalishusha polepole. Alijishika kwenye tairi, mgongo ameupa umati, akisubiri pumzi irudi. Na hapo ndipo alipokosea, kwa sababu kwa muda ule mfupi hakuwa akimwangalia Ochoki.

Alisikia sauti ya Mogire: "Sawa, sawa! Nimeshindwa! Mnishike, nitasema yote, nitasema ni nani ali..."

Akasikia kishindo.

Alipogeuka, Mogire alikuwa amelala chali, mikono bado imeinuliwa kwa kujisalimisha, taya limekaa upande. Hai, lakini si wa kuzungumza leo wala kesho. Ochoki alisimama juu yake, ngumi ya chuma iking'aa, joho limetundikwa vizuri mabegani. Simu zilikuwa zimeshainuliwa kila upande.

"Ochoki!" mtu mmoja aliita. Kisha wengine. Kisha uwanja mzima. "Ochoki! Ochoki! Ochoki!"

Walikuwa wamekaa chini ya lori. Oili ya lori ilikuwa bado kwenye nywele zao. Walikuwa wamemwona kwa macho yao aliyelibeba. Na bado walimshangilia aliyevaa nyekundu. Gesare hakushangaa. Binadamu ukimpa chakula, atamshukuru aliyeshika sahani.

Ochoki aliinua mkono, akanyamazisha kelele kama mtu aliyezaliwa kwa kazi hiyo.

"Ndugu zangu, adui ameanguka," alisema. "Lakini moyo wangu unauma. Huyu mtu alizijua siri zetu. Alikuwa na kifaa cha kuniteka mimi. Alikuwa na kifaa cha kumtesa Pam, mnamwona dada yetu pale anavyotoka damu. Sasa jiulizeni. Sisi tuko watatu. Ni nani kati yetu ambaye hakuguswa?"

Vichwa viligeuka kimoja baada ya kingine.

"Ehe," mwanamume mmoja alisema. "Hata mimi nilishangaa."

"Hilo lori alitaka kutuangushia," alidakia mwingine, ambaye dakika chache zilizopita alikuwa ametambaa chini yake kwa magoti.

"Nyasae one, Mungu wangu!" Nyanchoka alisimama kwa mguu wake mmoja mzima. "Mmerogwa? Mwanangu amewabeba nyinyi wote, hamna hata haya?"

"Mama lazima atetee mtoto," mtu alimjibu, na wengine wakacheka.

Damu ilimpanda Gesare. Angeweza kumnyanyua Ochoki kwa joho lake, amtupe Kisii mjini. Mikono ilikuwa imeshajikunja. Lakini alimwona Mzee Mathew akimtazama, si kwa hukumu, akingoja.

"Una la kusema, binti yangu?"

"Ninalo," Gesare alisema. "Ochoki ndiye aliyemleta Mogire hapa. Walipatana. Ametamka mwenyewe kwa mdomo wake, akiwa amenata pale."

Umati ulizomea. Ochoki alitikisa kichwa kwa huzuni, kama mzazi aliyetukanwa na mtoto.

"Shahidi wako ni nani?" aliuliza.

"Pam." Gesare alimnyooshea mkono. "Alikuwa pale. Hanipendi, leo ameniita msaliti. Hana sababu ya kunitetea. Muulizeni Pam."

Kwa mara ya kwanza uso wa Ochoki ulibadilika. Chuma chote kilimtoka, akabaki ngozi tupu.

Watu walipisha njia. Pam alikuwa amekaa juu ya barafu iliyotapakaa kwenye nyasi, mikono mapajani, akiwatazama wakija. Mzee Mathew aliinama mbele yake, akaweka kipaza sauti karibu na kinywa chake, na sauti yake ikanguruma kwenye spika zote za makambi mpaka ndege wakaruka mitini.

"Binti Pam, wewe unasikia kuliko sisi sote. Tuambie mbele ya Mungu. Ulimsikia Ochoki akisema nini?"

Nyuma yao wengine walikuwa bado wakiliita jina la Ochoki. Watoto walikuwa wakilia. Ng'ombe wa jirani alikuwa akiroroma.

Pam alimtazama mhubiri mdomoni. Akawatazama watu, mmoja mmoja, akahema haraka haraka. Kisha akamgeukia Gesare, yule yule aliyemwita msaliti, akamshika mkono kwa nguvu, kama mtoto anayeogopa giza.

"Gesare," alisema kwa sauti kubwa mno. "Mbona wote mmenyamaza?"

Ochoki ndiye aliyeelewa wa kwanza. Akatabasamu.